Kuunganisha Ishara ya Mwendo kwenye Hilux ya Kebo

Pikapu nyingi za Toyota Hilux za kizazi cha mwaka 1988 hadi 1997, hasa zile za dizeli zenye injini ya 2L au 3L, zilitoka kiwandani zikiwa na kebo ya spidomita, yaani uzi wa chuma unaozunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye gia boksi hadi nyuma ya mita, bila umeme wowote. Injini hizo hazikuwa na haja ya kujua gari linakwenda kasi gani. Shida huanza pale mwenye gari anapoondoa injini iliyochoka na kuweka yenye kompyuta, kama vile 1KZ-TE ya dizeli au 3RZ-FE ya petroli, au anapotaka kufunga spidi gavana au kifaa cha kufuatilia gari. Vyote hivyo vinataka ishara ya umeme inayoeleza mwendo, na kebo peke yake haina cha kuvipa.

Injini ya petroli isiyopata ishara hiyo itawaka na gari litakwenda, ndiyo maana mafundi wengi huliacha jambo hili hadi mteja arudi akilalamika. Malalamiko huwa yaleyale: gari linazima dereva anapokaribia kusimama kwenye taa au kwenye tuta, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka ovyo, na baada ya safari ndefu kidogo taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Kama kuna gia boksi ya otomatiki inayoendeshwa na kompyuta, ubadilishaji wa gia nao huharibika. Kwenye kompyuta za Toyota za miaka ile hitilafu hii ina namba 42, na kwenye zilizofuata, zenye mfumo wa kusoma hitilafu wa OBD2, ni P0500.

Kazi yenyewe ni nyaya tatu tu, wakati mwingine mbili. Wanaoshindwa wengi hufunga sensa ya aina moja kwenye kompyuta inayosubiri aina nyingine, au idadi ya mapigo isiyolingana, kisha wakatumia siku nzima kutafuta waya uliokatika ambao haupo. Kwa hiyo naanza na hesabu, na koleo itasubiri.

Mapigo mangapi kwa kilomita

Spidomita za Kijapani za kebo zimepangwa kwa kipimo kimoja: kebo izunguke mara 637 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa. Kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kila dakika, hivyo kebo huzunguka mara 637 katika kila kilomita. Ishara ambayo kompyuta za Toyota za kipindi hicho huisubiri ni ya mapigo 4 kwa kila mzunguko wa kebo, na 637 mara 4 ni mapigo 2,548 kwa kilomita. Pigo moja maana yake ni volti kushuka hadi karibu sifuri na kupanda tena.

Kutokana na namba hiyo unapata nyingine zote utakazozihitaji mbele ya multimita. Kwenye kilomita 40 kwa saa ishara ina hezi (mapigo kwa sekunde) 28 hivi, kwenye 60 ina hezi 42.5, kwenye 80 ina karibu 57, na kwenye 100 ina karibu 71. Lakini namba ninayoitumia kuliko zote haihitaji hata kuwasha injini: ukilisukuma gari mita 10, mapigo yanapaswa kuwa 25. Nitairudia baadaye, kwa sababu ndicho kipimo kinachomaliza ubishi kati ya fundi na mwenye gari.

Mwenye pikapu ya Kimarekani asizichukue namba hizi. Kwenye magari ya huko kebo ilipangwa kuzunguka mara 1,000 kwa maili, ambayo ni kama mara 621 kwa kilomita, na sensa za Ford hutoa mapigo 8 kwa mzunguko, yaani 8,000 kwa maili. Hata ndani ya Toyota kuna mtego. Baadhi ya sensa za umeme zinazokaa moja kwa moja kwenye gia boksi zina pete ya sumaku yenye ncha 20 na hutoa mapigo 20 kwa mzunguko. Mita ya gari hilo ndiyo inayoyapunguza kuwa 4 kabla ya kuyapeleka kwenye kompyuta. Fundi akiinunua sensa ya namna hiyo kwenye duka la vipuri vilivyotumika na kuiunganisha na kompyuta bila ile mita yake, kompyuta itaamini gari liko kwenye kilomita 100 kwa saa wakati liko kwenye 20.

Angalia kwanza kama tayari unayo

Kabla ya kununua chochote, fungua mita. Mita za kebo zilizotoka kwenye Toyota zenye injini ya kompyuta zina swichi ndogo ya ridi nyuma ya saa ya mwendo: kikopo chembamba cha kioo chenye vibati viwili vya chuma ndani yake, kilichokaa karibu na sumaku inayozungushwa na kebo. Kila sumaku inapopita, vibati hugusana na kuachana, mara 4 kwa mzunguko. Mita za dizeli za zamani mara nyingi hazina swichi hiyo, lakini kama gari lako limewahi kubadilishwa mita, au kama mita ya injini unayoiweka ilikuja na nyaya zake, huenda kitu unachokitafuta kiko mbele yako.

Kuipima ni rahisi. Mita ikiwa mezani, weka multimita kwenye mlio wa kugusana, shika ncha mbili za swichi hiyo nyuma ya bodi, kisha zungusha kwa vidole kipande cha kebo kilichochomekwa mahali pake. Ukisikia milio minne kwa kila mzunguko kamili, kazi yako imepungua nusu: upande mmoja wa swichi unakwenda kwenye waya hasi, ule ambao mafundi huuita ethi, na upande wa pili unakwenda kwenye kompyuta. Swichi haihitaji umeme wa kuiendesha. Ukisikia mlio usiokatika, vibati vimeungana kwa uzee au kwa kuchomwa na mkondo mkubwa, na swichi hiyo haitengenezeki. Usijaribu kamwe kuipima kwa balbu ya kawaida ya wati 5, maana ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza.

Ninaipendelea njia hii inapopatikana. Haina kitu kinachokaa chini ya gari kwenye matope, na ikifa, kompyuta inakosa mapigo tu huku mshale wa spidomita ukiendelea kufanya kazi.

Aina za sensa na namna ya kuzitambua

Isipokuwepo swichi ya ridi, utanunua sensa inayokaa katikati ya gia boksi na kebo. Umbo lake ni kama nati ndefu: upande mmoja unafungwa kwenye gia boksi mahali ilipokuwa kebo, upande wa pili unapokea kebo yako ya zamani, na katikati kuna mhimili mdogo wenye sumaku unaopitisha mzunguko kwenda juu. Spidomita inabaki na kebo yake, na kompyuta inapata mapigo yake. Kabla ya kulipa, beba nati ya kebo yako dukani na uijaribu kwenye uzi wa sensa, na hakikisha ncha ya mraba inaingia bila kulegea wala kulazimishwa. Mhimili mwembamba uliolazimishwa hukatika ndani ya wiki, na kuutoa ndani ya gia boksi ni kazi ya kuudhi.

Sensa ikiwa na nyaya tatu, karibu kila mara ni ya Hall, yaani inayohisi sumaku kwa umeme, au ya jamii yake: waya mmoja wa umeme chanya, mmoja wa ethi, na mmoja wa ishara. Ndani yake kuna transista inayofanya kazi ya mlango: haitoi volti yoyote, bali inauvuta waya wa ishara hadi kwenye ethi na kuuachia. Jambo hili lina uzito mkubwa. Mtu anayepima waya wa ishara peke yake, bila kuuunganisha na kitu, ataona sifuri au volti zinazoelea, kisha atasema sensa ni mbovu. Lazima kuwe na kitu kinachoupandisha waya ule hadi volti fulani ili transista ipate cha kushusha, na kwa kawaida kazi hiyo inafanywa na kompyuta.

Sensa yenye nyaya mbili inaweza kuwa swichi ya ridi au koili yenye sumaku. Zitofautishe kwa multimita kwenye omu: ridi itaonyesha ama karibu sifuri ama njia iliyokatika, wakati koili itaonyesha mamia ya omu au hata elfu kadhaa, na haibadiliki unapozungusha mhimili. Koili hutengeneza umeme wake yenyewe, wa mawimbi yanayopanda na kushuka, na nguvu yake inaongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Usiiunganishe moja kwa moja na kompyuta inayosubiri mapigo ya kushushwa kwenye ethi. Mwendo wa chini haitaiona, na mwendo wa juu inaweza kuipa volti isizozitarajia. Katikati yake huhitajika saketi ya kugeuza mawimbi kuwa mapigo ya mraba. Kwa gari la kazi la zamani nakushauri uiache koili na utafute ya Hall.

Kufunga sensa mahali pake

Kwenye Hilux yenye magurudumu manne ya kuvuta, kebo ya spidomita haitoki kwenye gia boksi kubwa bali kwenye ile ndogo ya nyuma yake, yenye H (mwendo wa kawaida) na L (mwendo mzito wa polepole). Hiyo ni heri, kwa sababu inasoma mzunguko wa propela ya nyuma, na kuingia kwenye L hakuharibu hesabu.

Liweke gari mahali tambarare, ondoa kituo hasi cha betri, na safisha eneo lote la kebo kwa brashi na mafuta ya taa kabla ya kulegeza chochote, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia humo itasaga kipinyoni cha plastiki, yaani gia ndogo inayoizungusha kebo. Legeza nati ya kebo, itoe taratibu, na uangalie ncha ya mraba: ikiwa imevimba au imeliwa pembeni, badilisha uzi wa kebo sasa hivi, maana kebo mbovu itairusha sensa nayo. Funga sensa kwa mkono hadi ikae, kisha kaza robo mzunguko kwa spana. Plastiki ya sensa nyingi haistahimili zaidi ya hapo. Kwa kuwa sasa kebo imesogea sentimita kadhaa, hakikisha haijajikunja kwa pembe kali. Mshale wa spidomita unaotetemeka baada ya kazi hii, mara tisa kati ya kumi, ni kebo iliyokunjwa.

Nyaya zenyewe

Tumia waya wa shaba wa nyuzi nyingi wenye unene wa milimita mraba 0.5 au 0.75. Mwembamba zaidi utapitisha umeme vizuri, lakini utakatika kwa mtikisiko. Waya wa ishara na waya wa ethi wa sensa usokotwe pamoja njia nzima, au utumie waya wenye ngao ya nyuzi za shaba inayouzunguka. Ukitumia wenye ngao, unganisha ngao hiyo na ethi upande wa kompyuta pekee, na upande wa sensa uikate na kuifunika. Ngao iliyofungwa pande zote mbili inakuwa njia ya pili ya mkondo kati ya gia boksi na bodi, na badala ya kuzuia kelele za umeme inazileta. Nilifanya kosa hilo kwenye gari langu mwenyewe, na ilinichukua wiki mbili kuamini kwamba waya ghali ndio ulikuwa unanisumbua.

Umeme chanya wa sensa uchukuliwe kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwa kwenye ON na usiokatika wakati wa kupiga stata. Weka fyuzi yake ya ampea 3, au 5 ikikosekana ya 3, karibu na pale unapouchukua umeme na si karibu na sensa, kwa sababu fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu. Usiudandie kwenye waya wa plagi za kupasha injini, wa pampu ya mafuta wala wa altaneta.

Ethi ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Usifunge ethi ya sensa kwenye boliti iliyo karibu nayo chini ya gari kwa sababu tu ni karibu. Irudishe juu hadi kwenye ethi ileile inayotumiwa na kompyuta. Gia boksi imekaa juu ya mipira, na waya unaoiunganisha na bodi kwenye gari la miaka thelathini mara nyingi umeoza au haupo kabisa. Hapo kila taa kubwa inapowashwa, ethi ya sensa inapanda kidogo na kompyuta inaanza kuona mapigo yasiyokuwepo. Ukimaliza, washa injini, washa taa kubwa na feni, kisha pima volti kati ya ethi ya sensa na ethi ya kompyuta. Ikizidi volti 0.1, tafuta unakopotea umeme kabla ya kuendelea.

Kupitisha nyaya, fuata njia ya kebo ya spidomita yenyewe, kwani waliotengeneza gari walishaipitisha mbali na bomba la moshi na inaingia ndani ya kabini kwenye tundu lenye mpira. Karibu na gia boksi acha kitanzi kidogo cha waya uliolegea ili injini inapotikisika isivute soketi. Maungo ya chini ya gari nayafunga kwa vituo vya kubana, na kuyafunika kwa kijibomba cha plastiki kinachosinyaa kwa joto chenye gundi ndani. Risasi ya kuyeyusha naitumia ndani ya kabini tu, maana waya uliolehemiwa unakuwa mgumu kama kijiti pale risasi inapoishia, na ndipo unapokatikia kwa mtikisiko. Tepu nyeusi peke yake haifai chini ya gari, kwa sababu joto la gia boksi huiyeyusha gundi na mwezi wa tatu utakuta inaning'inia.

Upande wa kompyuta, usifuate rangi ya waya uliyoambiwa na mtu, kwa kuwa rangi hubadilika kutoka gari hadi gari. Tafuta mchoro wa soketi za kompyuta ya injini uliyoiweka na uone pini iliyoandikwa SPD, ndiyo ya ishara ya mwendo. Kisha ithibitishe: ikiwa haijaunganishwa na kitu, swichi ikiwa ON, pima kati yake na ethi. Kompyuta nyingi zitaonyesha karibu volti 5, na nyingine volti za betri. Hiyo ndiyo volti ambayo sensa itakuwa inaishusha. Gusa waya huo kwenye ethi kupitia rezista ya omu 1,000. Ukiona volti zinaanguka na kurudi, pini ni sahihi. Rezista hiyo ni bima, kwa sababu ikiwa umekosea na kushika waya wenye umeme wa betri, hutaunguza kitu.

Ukipima na kukuta sifuri, na una hakika na pini, basi kifaa hicho hakina rezista ya kupandisha ndani yake, jambo linalotokea zaidi kwenye baadhi ya spidi gavana na vifaa vya kufuatilia gari. Weka yako ya omu 2,200 kati ya waya wa ishara na umeme chanya wa sensa, ila soma kwanza maelekezo ya kifaa ujue kama kinakubali volti 12 au kinataka 5. Rezista ya robo wati inatosha. Omu ndogo kuliko hapo, kama 100, itaipitishia transista ya sensa mkondo mkubwa na kuiua.

Sensa moja, vifaa viwili

Swali hili huja mara nyingi, hasa kwa magari ya biashara. Nchini Kenya, kwa mfano, kanuni za trafiki za mwaka 2003 ziliyalazimisha magari ya abiria kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kifaa kama hicho kinataka mapigo yaleyale yanayotakiwa na kompyuta ya injini. Je, waya mmoja wa ishara unaweza kugawanywa?

Unaweza, ikiwa sensa ni ya Hall au ridi, lakini si kwa kuzifunga nyaya pamoja tu. Tuseme kompyuta inaupandisha waya wake hadi volti 5 na kifaa cha pili kinaupandisha hadi volti 12. Ukiziunganisha, volti za kifaa cha pili zitatafuta njia ya kuingia kwenye kompyuta kila transista inapouachia waya. Dawa yake ni dayodi moja (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila tawi, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukielekea kwenye sensa. Kwa mpangilio huo sensa inaweza kuyashusha matawi yote mawili, lakini tawi moja haliwezi kulipandisha jingine. Dayodi ya kawaida kama 1N4148 inaacha karibu volti 0.6 hadi 0.7 juu ya ethi, na kompyuta nyingi hukubali hilo. Ukipata ya aina ya Schottky, kama 1N5819, baki hiyo inashuka hadi 0.3 au chini yake, na mimi ndiyo ninayoinunua.

Gavana iliyokwisha kufungwa na kuwekwa lakiri usiifungue wala usidandie waya wake. Muite aliyeifunga kwa kibali, au chukua ishara yako mahali pengine kabisa.

Kupima

Kipimo cha kwanza ni kile cha kusukuma. Chukua LED moja na rezista ya omu 1,000, unganisha mguu mrefu wa LED kupitia rezista kwenye umeme chanya wa sensa, na mguu mfupi kwenye waya wa ishara, ukiwa umeuchomoa waya huo kutoka kwenye kompyuta. Weka alama mbili chini kwa chaki, umbali wa mita 10. Gia iwe nyutro, swichi ON, mtu mmoja kwenye usukani na breki, wawili wakisukuma polepole, nawe uhesabu LED inavyowaka na kuzimika. Ukipata 25, au 24, au 26, sensa, kipinyoni na matairi vinaelewana. Ukipata karibu 125, umenunua sensa ya mapigo 20. Ukipata 12 au 13, sensa yako ni ya mapigo 2. LED ikibaki imewaka au imezima muda wote, toa kebo kwenye sensa na uangalie kama mhimili unazunguka, kabla ya kuilaumu sensa yenyewe.

Kipimo cha pili kinafanywa gari likiwa juu. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, inua ekseli yote ya nyuma, na uilaze juu ya stendi imara; jeki peke yake, au matofali, havitoshi kwa gari litakalozungusha magurudumu. Kwenye 4x4 hakikisha kishikio kiko 2H, yaani magurudumu ya nyuma pekee yanavuta, la sivyo magurudumu ya mbele yatavuta na gari litaruka kutoka kwenye stendi. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, maana likiinuliwa moja, difu italizungusha hilo mara mbili zaidi, na kama difu ina kizuizi cha kuteleza, gari linaweza kusogea. Rudisha waya wa ishara kwenye kompyuta, washa injini, weka gia ya nne na uachie kluchi, kisha pima hezi kwenye pini ya SPD. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800, difu ikiwa na uwiano wa 4.56 na tairi likiwa na mzingo wa mita 2.3, gari liko kwenye kilomita 24 kwa saa hivi, na multimita inapaswa kuonyesha karibu hezi 17. Multimita za bei rahisi hupata shida kusoma hezi za chini namna hiyo. Ongeza mafuta kidogo hadi mizunguko 1,600 na utegemee hezi 34.

Mwisho futa kumbukumbu ya kompyuta, endesha gari kwa dakika ishirini pamoja na mwendo wa barabara kuu, kisha soma hitilafu. Kwenye kompyuta za zamani za Toyota unaunganisha pini TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, unaweka swichi ON, na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mipepeso minne, pumziko, kisha miwili, ndiyo 42, na inamaanisha ishara bado haifiki. Kupepesa kwa mfululizo usio na pumziko kunamaanisha hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kuisoma mara tu baada ya kuwasha gari lililosimama hakuna maana, kwa kuwa kompyuta haiwezi kukosa mapigo ya gari ambalo halijaenda.

Matairi makubwa

Wengi wanaobadilisha injini hubadilisha na matairi. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha karibu milimita 742, na la inchi 31 lina karibu 787, yaani asilimia 6 zaidi. Mita ikionyesha 100, gari liko kwenye 106, na mapigo kwa kilomita yamepungua kwa kiasi hicho. Kwa sailensi na hitilafu ya 42 tofauti hiyo si kitu. Kwa gavana iliyopangwa 80 ni kosa, kwa sababu gari litakuwa linafika 85. Baadhi ya vifaa vina mahali pa kuingiza idadi ya mapigo kwa kilomita, na hapo unaandika namba uliyoihesabu kwa kusukuma mita 100 badala ya 10, ukiizidisha mara 10. Visipokuwa nayo, badilisha kipinyoni cha plastiki kwenye gia boksi: chenye meno 33 kikibadilishwa na chenye 31, kebo itazunguka haraka zaidi kwa asilimia 6 na nusu, na mita pamoja na kompyuta vitarudi kwenye ukweli kwa pamoja.

Ishara inapopotea

Ishara ikionekana gari likiwa limesimama na injini inanguruma, rudi kwenye ethi na kwenye njia ya waya, kisha chomoa soketi ya altaneta kwa dakika moja uone kama mapigo ya uongo yanatoweka. Na ikikatika kila mvua inaponyesha, usifungue kompyuta: ingia chini ya gari, chomoa soketi ya sensa, na utakuta maji ya kijani kwenye pini, kwa sababu soketi ilifungwa ikitazama juu. Igeuze itazame chini, isafishe, paka grisi ya umeme, na uinamishe waya kabla haujaingia kwenye soketi ili tone la maji lidondoke kwenye mteremko huo badala ya kuufuata waya hadi ndani.